Ratiba za nyumba ndani ya kidhibiti, bila kompyuta kubaki imewashwa

Ratiba ya nyumba ikikaa kwenye kompyuta, nyumba nzima inaitegemea mashine ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo. Kompyuta hujisasisha usiku na kujiwasha upya, diski hufa, mtu huizima akidhani haina shughuli. Siku hiyo taa ya nje haiwaki, na hilo linavumilika. Pampu iliyokuwa ikijaza tangi haizimwi, na hilo halivumiliki hata kidogo.

Dawa ni kuweka vitu 3 ndani ya kisanduku kimoja: ratiba yenyewe, saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika, na rilei inayounga na kukata umeme. Kompyuta itahitajika siku ya kupakia programu tu. Baada ya hapo nyakati zinabadilishwa kwa simu, na kidhibiti hakimtegemei mtu, seva wala intaneti.

Hapa tunatumia bodi ya ESP32, kompyuta ndogo sana yenye Wi-Fi, na programu ya ESPHome inayogeuza faili la maelezo kuwa programu ya bodi hiyo, kwa sababu inakubali chipu ya saa ya nje bila ugumu na unaiandika ratiba kwa namna unayotaka. Asiyetaka kuandika msimbo atakuta maelezo ya Tasmota, programu mbadala, karibu na mwisho.

Vifaa

Bodi 1 ya ESP32 ya kawaida, yenye pini 30 au 38. Bodi 1 ya rilei 4 za volti 5, zenye optokapla, yaani kiungo kinachopitisha amri kwa mwanga bila nyaya kugusana. Moduli 1 ya saa ya DS3231 pamoja na betri yake ya duara. Adapta ya volti 5, ampea 2. Kebo ya USB inayopitisha data. Nyingi zinazokuja na chaja ndogo hupitisha umeme tu, na mtu anaweza kupoteza saa nzima akidhani bodi imekufa. Kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa skrubu, na kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku, moja kwa kila mzigo mzito kama pampu au hita.

Ampea 2 si anasa. ESP32 ikirusha mawimbi ya Wi-Fi inaweza kuvuta karibu nusu ampea kwa muda mfupi, na koili ya kila rilei ya volti 5 inakula takriban miliampea 70 hadi 80. Rilei 4 zikishika kwa pamoja, adapta dhaifu inashusha volti na bodi inajiwasha upya. Ukiona kidhibiti kinazimika kila rilei ya tatu au ya nne inaposhika, tatizo haliko kwenye programu, angalia adapta.

Chipu ya saa usiibanie. DS3231 ina fuwele na kipima joto ndani yake, na kosa lake halizidi sehemu 2 kwa milioni katika joto la 0 hadi 40 za Selsiasi, yaani kama dakika 1 kwa mwaka. DS1307 ya zamani hutegemea fuwele ya nje. Kosa la sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni la kawaida, hufikia karibu sekunde 1.7 kwa siku, dakika 10 kwa mwaka.

Kuunganisha upande wa volti ndogo

Moduli ya DS3231: VCC kwenye 3V3, GND kwenye GND, SDA kwenye GPIO21, SCL kwenye GPIO22 (GPIO ni pini za bodi zinazoendeshwa na programu). Usiipe volti 5. Moduli nyingi za aina hii zina njia ya kuchaji betri, yenye diodi na kizuizi cha omu 200. Zikipewa volti 5 husukuma volti zaidi ya 4 kwenye betri ya CR2032, ambayo haichajiki, na betri huvimba au kuvuja. Tena vizuizi vyake vya I2C, yaani njia ya mawasiliano ya SDA na SCL, vitavuta pini za ESP32 hadi volti 5 wakati zenyewe ni za 3.3. Kwa volti 3.3, diodi inabakiza kama 2.7 tu, chini ya volti ya betri, hivyo hakuna kinachochajiwa na betri iko salama.

Bodi ya rilei: chomoa kile kidaraja kidogo kati ya VCC na JD-VCC. Peleka 3V3 ya ESP32 kwenye VCC, na volti 5 za adapta kwenye JD-VCC. GND ya adapta, ya rilei na ya ESP32 ziwe pamoja. Kidaraja kikiachwa na VCC ikapewa volti 5, pini ya ESP32 ikiwa juu inafika 3.3 tu, tofauti ya 1.7 inayobaki hupita kwenye taa ndogo ya optokapla, na rilei inaweza kusita kuachia.

Kwa rilei tumia GPIO25, 26, 27 na 33. Epuka 0, 2, 5, 12 na 15, kwa kuwa bodi huzisoma inapoamka ili ijue iwakeje, na rilei iliyofungwa hapo inaweza kuruka au kuizuia bodi isiwake. Pini 34 hadi 39 ni za kupokea tu, haziwezi kuendesha rilei.

Swali sahihi la ratiba

Hapa ndipo ratiba nyingi huharibika. Njia ya kawaida ni kuandika amri za wakati: ikifika 18:30 washa, ikifika 06:00 zima. Umeme ukikatika 18:20 ukarudi 18:40, amri ya 18:30 imepita bila mtu kuisikia, na taa italala giza usiku kucha. Ikiwa ni amri ya kuzima iliyopotea, mzigo utabaki umewaka mpaka kesho.

Kidhibiti kiulizwe swali jingine: kwa saa hii, kifaa kinatakiwa kiwe kimewaka au kimezimwa? Swali hilo lina jibu muda wote, hata sekunde 10 baada ya umeme kurudi. Kwa hiyo ratiba iwe vipindi vyenye mwanzo na mwisho, na kidhibiti kijikague kila baada ya sekunde 20.

Ila kuna kitanzi. Kidhibiti kikilazimisha jibu lake kila sekunde 20, mtu akizima taa kwa simu itawaka tena kabla hajaweka simu chini. Ndiyo maana kinakumbuka jibu lake la mwisho na kugusa rilei pale tu jibu linapobadilika. Mkono wa mtu unaheshimiwa hadi mpaka wa kipindi unaofuata. Kikiwa kimeamka upya hakina kumbukumbu yoyote, kwa hiyo kinatii ratiba mara moja.

Faili la programu

esphome:
  name: kidhibiti
  on_boot:
    then:
      - ds1307.read_time:

esp32:
  board: esp32dev
  framework:
    type: arduino

logger:

ota:
  - platform: esphome

wifi:
  ssid: "JINA_LA_MTANDAO"
  password: "NENO_LA_SIRI"
  reboot_timeout: 0s
  ap:
    ssid: "kidhibiti"
    password: "siri-nyingine-ndefu"

web_server:
  version: 3
  local: true

i2c:
  sda: GPIO21
  scl: GPIO22

time:
  - platform: ds1307
    id: saa_chipu
    update_interval: 6h
    timezone: "<+03>-3"
  - platform: sntp
    id: saa_mtandao
    timezone: "<+03>-3"
    on_time_sync:
      then:
        - ds1307.write_time:

datetime:
  - platform: template
    id: taa_washa
    name: "Taa: kuwasha"
    type: time
    time_id: saa_mtandao
    optimistic: true
    restore_value: true
    initial_value: "18:30:00"
  - platform: template
    id: taa_zima
    name: "Taa: kuzima"
    type: time
    time_id: saa_mtandao
    optimistic: true
    restore_value: true
    initial_value: "06:00:00"

globals:
  - id: jibu_la_mwisho
    type: int
    initial_value: '-1'

switch:
  - platform: gpio
    id: taa
    name: "Taa ya nje"
    pin:
      number: GPIO25
      inverted: true
    restore_mode: ALWAYS_OFF

interval:
  - interval: 20s
    startup_delay: 10s
    then:
      - lambda: |-
          auto t = id(saa_mtandao).now();
          if (!t.is_valid()) return;
          int sasa = t.hour * 60 + t.minute;
          int a = id(taa_washa).hour * 60 + id(taa_washa).minute;
          int b = id(taa_zima).hour * 60 + id(taa_zima).minute;
          bool ndani = (a <= b) ? (sasa >= a && sasa < b)
                                : (sasa >= a || sasa < b);
          int jibu = ndani ? 1 : 0;
          if (jibu == id(jibu_la_mwisho)) return;
          id(jibu_la_mwisho) = jibu;
          if (ndani) id(taa).turn_on(); else id(taa).turn_off();

Platform ya ds1307 inaisoma DS3231 pia, kwa sababu rejista za saa na tarehe zimepangwa vilevile. Neno inverted limewekwa kwa kuwa rilei hizi hushika pini inaposhuka. Ukilisahau, kila kitu kitafanya kinyume. Mstari wenye alama ya || ndio unaovusha kipindi usiku wa manane: bila huo, kipindi cha 18:30 hadi 06:00 hakitakuwa kweli hata dakika moja, kwa sababu hakuna saa iliyo kubwa kuliko 18:30 na hapohapo ndogo kuliko 06:00. Ukitaka kuisimamisha ratiba kwa muda, weka mwanzo na mwisho viwe saa ileile.

Mstari wa is_valid ni mlinzi. Betri ya DS3231 ikiisha na umeme ukakatika, chipu huanza upya kutoka mwaka 2000, na ESPHome huikataa tarehe hiyo. Bila mlinzi huyo kidhibiti kingefuata saa ya uongo kwa ujasiri kamili. Hivi kilivyo, kinaziacha rilei zimezimwa mpaka kipate saa ya kweli, na huo ndio upande salama kwa mizigo mingi ya nyumbani.

Mistari ambayo watu huisahau

reboot_timeout. ESPHome imezoea kuwa na mkubwa wa kuripoti kwake. Ikikosa Wi-Fi kwa dakika 15, hujiwasha upya. Ukiweka sehemu ya api:, mlango wa kuungana na seva ya nyumba, na hakuna seva inayoungana nayo, vilevile hujiwasha upya kila dakika 15. Matokeo yake ni taa inayopepesa mara 4 kwa saa na hakuna anayejua kwa nini. Kwenye kidhibiti kinachojitegemea ondoa api: kabisa, na kwenye wifi: weka 0s kama hapo juu.

local: true. Bila hiyo, ukurasa wa kidhibiti huchukua sehemu ya msimbo wake kutoka intaneti. Siku intaneti imekatika unafungua ukurasa na kukuta mweupe, wakati kidhibiti kiko mbele yako kizima kabisa.

timezone. Kwa mtindo huu wa maandishi alama imegeuzwa: eneo lililo saa 3 mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, linaandikwa -3, na lililo nyuma linaandikwa bila alama ya kutoa. Ukikuta ratiba iko nje kwa saa 6 kamili, huenda uliandika kwa mantiki ya kawaida. Saa 6 hiyohiyo hutokea pia kwa sababu iliyo karibu nasi zaidi, nayo ni kuandika saa za Kiswahili. Saa 12 na nusu jioni ni 18:30, si 12:30. Ukiandika 12:30, taa itawaka saa 6 na nusu mchana, na kwenye jua kali hakuna atakayeiona.

Siku za juma zina mtego wa namna hiyo. Kwenye ESPHome, t.day_of_week huanza na Jumapili kuwa 1, hivyo Jumatatu ni 2 na Jumamosi ni 7. Jina lenyewe la Jumatatu linamvuta mtu aandike 3. Andika orodha ya namba 1 hadi 7 juu ya faili na uifuate hiyo. Kumbuka pia kwamba kipindi kinachovuka usiku wa manane huishia siku nyingine: ratiba ya Ijumaa jioni hadi alfajiri inahitaji kuruhusiwa Ijumaa baada ya 18:30 na Jumamosi kabla ya 06:00.

Kupakia na kutumia

Pakia mara ya kwanza kwa kebo ya USB. Soma kumbukumbu zinazopita kwenye skrini: utafute mstari wa I2C unaotaja anwani 0x68, ndiyo saa, na 0x57 ukiiona ni chipu ya kumbukumbu iliyo kwenye moduli hiyohiyo. Kama 0x68 haipo, aghalabu SDA na SCL zimebadilishana. Iache bodi ipate intaneti dakika chache ili saa ya mtandao iandikwe kwenye chipu. Nakili faili mahali pawili. Bodi ikiungua, utaihitaji.

Baada ya hapo fungua kivinjari cha simu kwenye kidhibiti.local, au kwa namba ya IP ikiwa simu yako haitambui majina ya .local. Ruta ikiwa imekufa, kidhibiti kitatoa Wi-Fi yake chenyewe kwa jina la kidhibiti. Jiunge nayo ufungue 192.168.4.1. Ukibadilisha saa, subiri dakika 1 kabla ya kukata umeme, kwa kuwa ESPHome huandika mabadiliko kwenye flashi kwa mkupuo kila dakika ili isiichoshe. Ukikata mapema, nyakati za zamani zitarudi.

Pampu na mizigo mizito

Pampu inahitaji mlinzi wa pili asiyeitegemea ratiba:

switch:
  - platform: gpio
    id: pampu
    name: "Pampu"
    pin:
      number: GPIO26
      inverted: true
    restore_mode: ALWAYS_OFF
    on_turn_on:
      - script.execute: kikomo
    on_turn_off:
      - script.stop: kikomo

script:
  - id: kikomo
    mode: restart
    then:
      - delay: 25min
      - switch.turn_off: pampu

Kipengele hiki cha pampu kiweke chini ya switch: ileile yenye taa, usiandike neno hilo mara ya pili, na pampu ipewe vipindi vyake na jibu_la_mwisho lake. Hata hivyo kikomo hiki huanza kuhesabu upya kila kidhibiti kinapoamka, kwa hiyo hakichukui nafasi ya swichi ya boya. Boya lifungwe mfululizo na koili ya kontakta ili tangi likijaa umeme ukatwe kwa waya, programu iseme itakavyosema. Kwa mota, ongeza startup_delay hadi dakika 3: umeme unaporudi mara nyingi huyumba, na mota haipendi kuwashwa na kuzimwa mara 5 ndani ya dakika moja.

Maandishi ya ampea 10 kwenye rilei ndogo yanahusu mzigo wa joto tupu. Mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na hata taa za LED nyingi pamoja huvuta mshtuko mkubwa wa papo hapo kwa sababu ya kapasita zilizo ndani. Mshtuko huo ndio unaochomelea ncha za rilei zikashikana: ukurasa unasema imezimwa, na taa inaendelea kuwaka. Hita ya wati 3000 kwenye volti 230 ni ampea 13, imeshapita kiwango hata kabla ya mshtuko. Pampu, hita na kiyoyozi viendeshwe na kontakta. Rilei ndogo iendeshe koili ya kontakta tu. Sambamba na koili hiyo funga kizuizi cha omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya daraja la X2 vilivyofuatana, la sivyo cheche ya kuachia huweza kuifanya ESP32 ijiwashe upya.

Upande wa volti 230 ufanywe na fundi umeme. Zima breka, pima kwa testa kuhakikisha hakuna umeme, kisha pitisha waya wa moto kwenye ncha za COM na NO. Usikate nyutro, kwa sababu taa itazimika huku soketi yake ikibaki na umeme. Nyaya za volti 230 zisikumbatiane na za volti 5 ndani ya kisanduku. Na kwa kila mzigo muhimu weka swichi ya kuchagua yenye nafasi 3: kidhibiti, zima, mkono. Kidhibiti kikifa, yeyote aliye nyumbani atageuza swichi na maji yatatoka.

Taa inayofuata jua

Badala ya kuhariri nyakati kila msimu, ongeza sehemu ya sun: yenye latitude na longitude zako, uipe id ya jua, na ndani ya lambda, kile kipande cha msimbo kilicho chini ya interval:, uulize kama id(jua).elevation() iko chini ya -4. Jua huhesabiwa limetua likiwa nyuzi -0.83, lakini bado pana mwanga. Giza la kiraia hutimia -6. Karibu na ikweta jua hushuka wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo kutoka kutua hadi -6 ni kama dakika 21. Ukienda mbali na ikweta muda huo hurefuka sana, na hapo kipimo cha nyuzi ni bora kuliko kuongeza dakika kwa kukisia.

Tasmota kwa asiyeandika msimbo

Tasmota ina vipima muda 16 vinavyowekwa kwenye ukurasa wake. Mfano wa amri moja:

Timer1 {"Enable":1,"Mode":0,"Time":"18:30","Days":"1111111","Repeat":1,"Output":1,"Action":1}
Timers 1

Mode 1 ni macheo na 2 ni machweo, baada ya kuweka Latitude na Longitude. Days huanza Jumapili. Hizi ni amri za wakati, si vipindi, kwa hiyo iliyopitwa haifidiwi; na toleo la kawaida hupata saa kwenye mtandao tu, hivyo umeme ukirudi bila intaneti vipima muda vyote husubiri. Kwa mizigo ya kuzimwa lazima tumia PulseTime: hadi 111 kila namba ni sehemu ya kumi ya sekunde, kuanzia 112 toa 100 upate sekunde. PulseTime1 1300 ni sekunde 1200, dakika 20.

Majaribio kabla ya kufunga mfuniko

Weka kipindi kianze dakika 5 zijazo. Chomoa ruta. Kata umeme wa kidhibiti dakika 2 kabla ya mwanzo, urudishe dakika 2 baada yake, ruta ikiwa bado imechomolewa. Rilei ishike ndani ya nusu dakika. Isiposhika, saa haisomwi kutoka kwenye chipu. Kisha izime kwa ukurasa wa simu, usubiri dakika 2: isijiwashe. Weka kipindi kinachovuka 00:00 ukiangalie usiku mmoja. Mwisho, zima umeme, toa betri ya DS3231, subiri dakika 1, washa bila mtandao: rilei zote zibaki zimezimwa. Rudisha betri na ruta, acha saa ijiandike, kisha andika kwa kalamu ndani ya mfuniko tarehe ya betri na namba ya pini ya kila rilei.